Wageni wa Belo Moja

Jana usiku Mbaruku aliota kwamba anasikia hodi ikipigwa kutoka uvunguni mwa kitanda chake.

Hakushtuka. Ndani ya ndoto ilikuwa mchana, jua limejaa chumbani, na hodi ni hodi. Aliinamisha kichwa ukingoni mwa kitanda akaiona ndoo yake ya rangi imefunguka, kamba iko sakafuni. Mbele ya ndoo alikuwa amesimama Koplo, mwanajeshi wa plastiki wa kijani, kimo chake kidole cha kati. Bunduki ilikuwa begani. Mguu wa kushoto ulikuwa wa plastiki na wa kulia wa njiti ya chelewa.

"Hiyo ni ya pili," alisema Koplo. "Ya kwanza ulikuwa unakoroma."

"Karibu," alisema Mbaruku.

"Karibu yako haitusaidii. Wewe si mwenye nyumba."

Kabla hawajafika mbali na ubishi wao, ifahamike kwamba Mbaruku ana miaka kumi na sita, yuko kidato cha tatu hapa Muheza, na kwa miaka miwili sasa amekuwa akikusanya sanamu ndogo za plastiki zinazokuja ndani ya mabelo ya mitumba. Vijana wenzake wakienda gulioni hutafuta raba na fulana za mpira. Yeye husubiri muuzaji akate waya za belo la midoli, kisha huchutama kwenye turubai na kuchambua: askari, wafalme, wazamiaji, wachezaji wa mpira ambao mpira wenyewe umepotea huko walikotoka. Ana sheria zake. Aliyevunjika hatupwi, anatengenezwa. Waliotoka belo moja hawatenganishwi. Na hakuna mtu wa kuonyeshwa.

Hiyo ya mwisho ilitokana na mama yake. Mama Mbaruku ni mkarimu wa kupitiliza. Hajawahi kumrudisha mtu mlangoni, na hata aliyepotea njia hunyweshwa chai kwanza ndipo aelekezwe. Lakini midoli hapana. "Mwanamume mzima, ndevu zinakuchungulia, unacheza midoli kama mtoto wa chekechea! Majirani wakisikia?" Ile ndoo aliichungulia mara moja tu, akarudisha mfuniko upesi kana kwamba amekuta nyoka. Yeye ana sheria moja inayotosha nyumba nzima: kinachokaa humu bila kazi, kinatoka.

Basi jana jioni aliifunga ndoo kwa kamba, akatangaza kwamba leo asubuhi mdogo wake, mama mdogo Shamsa, ambaye ni mwalimu wa chekechea, angepita kuichukua akawagawie watoto wake, huyu kimoja, yule kimoja. Mbaruku alikwenda kulala bila kula. Hakulia, kwa sababu ya zile ndevu, lakini alijigeuzageuza mpaka usingizi ulipomchukua. Na usingizi ulipomchukua ndipo hodi ikapigwa.

"Tumekaa uvunguni miaka miwili," Koplo aliendelea, "na mwenye nyumba hajatukaribisha. Kwa hiyo bado tuko nje."

"Mbona mko ndani?"

"Asiyekaribishwa yuko nje hata akiwa uvunguni. Nishike kichwa."

Mbaruku alimshika. Kichwa kilikuwa kimelowa umande.

"Unaona?" alisema Koplo. "Sasa sikiliza. Mama yako akitukaribisha, tunakuwa wageni. Mgeni hagawiwi kwa mtu. Na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tukipewa jembe tuna kazi, na mwenye kazi hatolewi humu ndani. Hilo jembe tunalisubiri kwa hamu kubwa."

"Mimi langu liwe na mpini mfupi," ilisema sauti nzito kutoka ndani ya ndoo. Huyo alikuwa Mfalme, ambaye hana taji.

"Na asipowakaribisha?" aliuliza Mbaruku.

"Hodi ni tatu. Zikipita zote kimya, mwungwana anageuka na kwenda zake. Tutaondoka, kila mmoja njia yake, na wewe hutatuona tena."

Alilisema hilo kwa utulivu wa mwanajeshi. Mbaruku akashuka kitandani.

"Basi pigeni hodi," alisema.

"Tukiwa ndani? Umewahi kuona mtu akipiga hodi akiwa ndani? Tutoe nje, tuje kama watu."

Mbaruku akaibeba ndoo. Ilikuwa na uzito wa ukumbi mzima wa harusi. Mlango wa chumba ulikuwa umelala, na si adabu kumwamsha aliyelala, kwa hiyo alipitia dirishani. Alidhani atatokea uani kwenye kamba ya nguo. Akatokea gulioni.

Gulio limejaa. Watu hawapo, zipo nguo tu, zinatembea zenyewe na kuchagua watu waliotandazwa juu ya maturubai. Gauni moja la maua linamgeuzageuza mwalimu wake wa hesabu, linamtazama kwapani kama ameshonwa vizuri, linamrudisha. Mbaruku anamwamkia mwalimu kwa heshima na kupita.

Mbele, juu ya kigoda, amekaa Belo. Ni mama mnene, amefungwa waya tatu tumboni, anajipepea kwa kipande cha katoni. Ndoo inajimwaga yenyewe.

"Shikamoo mama!" wanasema wote kwa pamoja, askari, mfalme, wazamiaji na wachezaji.

"Marahaba wanangu. Mmekonda." Kisha anamgeukia Mbaruku. "Wewe ndiye unayeishi nao?"

"Ndiyo, mama."

"Wanakula?"

"Ni wa plastiki, mama."

"Sikukuuliza wametengenezwa kwa nini. Haya. Umewatambulisha kwa mama yako?"

Mbaruku akaitazama ndoo tupu. "Hapana."

"Kwa nini? Unawaonea aibu wanangu?"

"Siwaonei aibu," alisema Mbaruku, na kwa mara ya kwanza katika ndoto ile alisikia hasira, maana jambo hilo halikuwa kweli na alitaka lijulikane. "Naogopa kuchekwa. Hayo ni mambo mawili."

"Mficha uchi hazai," ilisema ndara moja ya mguu wa kushoto kutoka turubai la jirani. "Mimi mwenzangu alifichwa. Nitazame sasa."

Belo akawaza. Alipokuwa anawaza, waya zake zililia taratibu.

"Kijana," alisema, "mgeni hajitaji mwenyewe. Anayemleta ndiye anayemtaja, kwa jina lake, mbele ya mwenye nyumba, na kila mtu anasikia. Kama huna kinywa cha kuwataja, niachie hapahapa kwenye turubai. Atapita mwenye kinywa."

Mbaruku aliwatazama. Walikuwa wamekaa kwenye upindo wa turubai, wamemgeuzia migongo ili asione aibu kuwaacha. Bibi wa Mwamvuli, sanamu ya mwanamke aliyeshika mwamvuli, mdogo kuliko wote, alikuwa anajifanya anahesabu mawingu. Huyo hakumtazama kabisa, na hapo ndipo Mbaruku alipoona uchungu wa kweli.

"Nitawataja," alisema.

"Wote?"

"Wote."

"Hata mbele ya watu?"

"Hata mbele ya watu."

"Haya, nendeni salama. Na kumbukeni kwamba ndugu wa belo moja hawagawanywi mafungumafungu kama nyanya." Belo akazikaza waya zake. Gulio likajikunja kuanzia pembeni, nguo na watu na ndara, likakunjwa tena na tena mpaka likabaki kitambaa cha kufutia miguu. Kitambaa hicho kilikuwa mbele ya nyumba ya kina Mbaruku, na Mbaruku alikuwa amesimama juu yake na ndoo mkononi.

Baba yake alikuwa mlango.

Hili nalo halikumshangaza. Baba Mbaruku ni fundi seremala, mtu mpole, ambaye kwa miaka yote ya ndoa yake hajawahi kutoa uamuzi wowote zaidi ya "muulize mama yako". Sasa alikuwa mlango wa mninga uliopakwa rangi ya buluu, bawaba kwapani, sharubu juu kidogo ya tundu la ufunguo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Unatoka wapi na ndoo?"

"Nimeleta wageni."

"Mimi ni mlango tu, mwanangu. Muulize mama yako."

"Huwezi kufunguka kidogo?"

"Nikifunguka kabla hajasema, mimi nitalala uani," alisema baba. "Ila wapige hodi. Kugongwa sikatai."

Koplo akawapanga kwa mistari kwenye kizingiti. Ukuta wa nyumba ukawa mwepesi kama chandarua, na Mbaruku akaona mpaka ndani. Mama yake alikuwa amekaa mkekani, ungo mapajani, anachambua mchele. Alikuwa ameshatoa onyo kwa kila kilichomo. Birika limeziba mdomo wake. Kigoda kimekaa kimya kuliko kawaida ya vigoda. Redio imejizima.

"Atakayeitikia hodi leo," mama alikuwa anawaambia, "atanitambua. Wageni nawajua, na hao si wageni. Hao ni midoli."

Koplo akagonga kwa kitako cha bunduki. Baba akakohoa.

"Hodi!" alisema Koplo kwa sauti ya gwaride.

Kimya. Mfuniko wa birika ulitetemeka kidogo. Mama akalitazama birika, likatulia.

"Tunahesabu moja," alisema Koplo.

Ya pili aliipiga Mfalme, kwa sauti iliyozoea kufunguliwa milango. "Hodi wenye nyumba!"

Kimya. Lakini mama alikuwa anateseka, na kila aliyekuwapo aliona. Midomo ilimcheza. Aliuma upindo wa kanga, akainama zaidi kwenye ungo, akatoa jiwe, akatoa na mchele mzima akidhani ni jiwe. Kumwacha mtu mlangoni kulimuuma kama jino bovu. Alijishikilia.

"Imebaki moja," baba alinong'ona. "Ipigeni vizuri, jamani."

Wakatazamana. Wazamiaji wakavua miwani yao ya kuzamia ili waonekane watu wa heshima. Koplo alitaka kujaribu tena, lakini Bibi wa Mwamvuli akamsogeza kando taratibu. Yeye hana bunduki wala ufalme, na hakugonga. Aliweka mdomo kwenye ufa chini ya mlango, akasema kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali na ambaye miguu inamwaka.

"Hodi wenyewe. Tunaomba maji ya kunywa tu."

"Karibuni!" alisema mama. "Karibuni ndani, jamani, piteni, mbona mnasimama juani?"

Mkono wake ulikuwa bado unachambua mchele. Halafu ukasimama.

"Umesema," lilisema birika.

"Sijasema."

"Umesema mara mbili," kilisema kigoda. "Na umesema piteni."

"Limenitoka."

"Maji yakimwagika hayazoleki, Mama Mbaruku," alisema baba kwa sauti ya bawaba. "Na mimi nimeshafunguka." Ni kweli, alikuwa ameshafunguka, wazi kabisa, mpaka ukutani. Alionekana kushangazwa na nafsi yake.

Wakaingia. Walitanguliza mguu wa kulia, kama inavyotakiwa, na kwa kuwa wa Koplo ni wa chelewa, aliingia kwa chelewa. Wasio na miguu walibebwa na wenye nayo. Kazi hiyo ilikwenda mpaka jua likageukia upande wa pili wa nyumba. Mama hakuwatazama. Alitazama kalenda ukutani, akavuta pumzi, akauliza lile swali ambalo kila mwenye nyumba huuliza.

"Nani kawaleta?"

Hapo nyumba ikaondoka. Mbaruku yuko uwanja wa shule, kwenye mstari wa asubuhi. Shule nzima imepangwa mbele yake kwa madarasa, na mama yuko jukwaani, ungo bado mapajani. Ndoo iko miguuni pa Mbaruku. Anafungua kinywa. Kinywa ni kikavu.

"Mama," anasema, "huyu ni Koplo. Mguu wake alikuja hana."

Mtu anacheka kidato cha nne. Kicheko kinatoka, kinaanguka chini, kinakuwa kifaranga cha manjano, kinakimbilia jukwaani kudonoa mchele.

"Huyu ni Mfalme. Huyu ni Mzamiaji Mkubwa na huyu Mzamiaji Mdogo, hawana udugu, wamezoeana tu. Huyu ni Golikipa. Anadaka kitu chochote, kwa hiyo msimrushie."

Wanacheka zaidi. Vifaranga vinaongezeka. Mbaruku anaendelea. Anashangaa kwamba kuchekwa hakuui. Kunazaa vifaranga tu, na vifaranga vyenyewe vina afya. Anamtaja kila mmoja kwa jina, na kwa kila jina kinywa chake kinalainika.

"Na huyu ni Bibi wa Mwamvuli," alimalizia. "Hawa wote ni wageni wangu, mama. Niliwaficha kwa sababu niliogopa utanicheka. Nawapenda. Nikiwa nao sioni upweke."

Hakuna aliyecheka tena. Vicheko vilikuwa vimekwisha, na uwanja ulikuwa umejaa vifaranga kutoka ukuta hadi ukuta. Mama akavifukuza kwa upindo wa kanga, "shii, shii," na alipomaliza kuvifukuza walikuwa wamerudi mkekani nyumbani.

Sasa aliwatazama. Miaka miwili ndoo imekaa chini ya paa lake, na hii ilikuwa mara ya kwanza kuwatazama sawasawa. Alimnyanyua aliyekuwa karibu.

"Huyu ndiye mfalme?"

"Ndiyo, mama."

"Taji lake liko wapi?"

"Liliyeyuka kabla hatujajuana. Mwenyewe anasema hajaona tofauti."

"Ana umri gani?"

Mbaruku hakujua. Mama akamgeuza Mfalme kichwa chini, miguu juu, akakisogeza kisigino karibu na jicho, maana chini ya nyayo za watu hawa huwa kumechapwa mwaka wao. Akausoma. Akamsogeza dirishani penye mwanga, akausoma tena. Mwaka ule ulikuwa wa zamani kuliko mama mwenyewe.

Mama Mbaruku ana mambo mengi, lakini mkubwa kwake ni mkubwa, na hajawahi kumpita bila kumwamkia, hata wale asiowapenda. Aliirekebisha kanga kichwani. Akamlaza Mfalme kwenye viganja viwili.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mfalme. "Hujambo?"

"Sijambo."

"Na hapa nyumbani?"

"Hawajambo. Uniwie radhi kwa kukuweka kichwa chini."

"Hata huko chini niliona vizuri. Paa lenu linavuja pale pembeni."

"Baba Mbaruku ameshaambiwa," alisema mama, na mlango ukatazama pembeni.

Kuanzia hapo sauti yake ilibadilika. Alivuta mkeka wa pili, ule wa wageni, ambao hata shangazi zake Mbaruku hutandikiwa sikukuu tu. Akawaketisha mmoja mmoja. Alipofika kwa Bibi wa Mwamvuli mkono wake ukasita. Mama Mbaruku hushona foronya na vitambaa vya makochi, na jicho lake likiona mshono haliwezi kupita.

"Huu mwamvuli nani kaushona?"

"Mimi," alisema Mbaruku. "Alikuja nao umechanika."

"Na kitambaa?"

"Kipande cha kanga yako. Ile iliyoungua na pasi."

Mama akaupindua mwamvuli ndani nje. Akatafuta mahali uzi ulipoishia. Aliutafuta kwa ncha ya kucha, akazunguka mwamvuli mzima, hakupaona.

"Nani kakufundisha kuficha fundo?"

"Hakuna. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Lini?"

"Jioni. Ukidhani nasoma."

Mama akaushusha mwamvuli mapajani. Macho yalimjaa maji, akasema ni vumbi la mchele. Birika likasema mchele huu hauna vumbi, kigoda kikalikanyaga mguu.

"Kumbe una mikono," alisema mama kwa sauti ya chini. "Nami nilidhani unachezea tu."

Maneno hayo yalitoka yakiwa ya moto, yakamkalia Mbaruku mapajani. Hakuyagusa. Alikuwa na furaha kiasi kwamba aliogopa kupumua.

"Hodi!" ilisikika nje.

"Karibu!" alisema mama, safari hii bila kujizuia.

Alikuwa mama mdogo Shamsa, na nyuma yake viti vidogo vya chekechea, vyekundu na vya buluu, vikimfuata kwa mstari, kila kimoja kimeshika mgongo wa mwenzake. Alikuwa na kiroba kitupu.

"Dada, nimefuata ile ndoo."

"Ndoo gani?"

"Si ulisema una midoli ya kunipa?"

Mama akamtazama mdogo wake kama mtu aliyesikia neno lisilotamkwa mbele ya watu. "Shamsa, hapa pana wageni. Mgeni hagawiwi. Nikupe nani sasa, huyu mzee niliyemwamkia?"

Mama mdogo akamwangalia Mfalme. Ni mwalimu, anaelewa upesi. "Shikamoo babu," alisema.

"Marahaba."

Akakunja kiroba chake, akaketi. Viti navyo vikaketi, ingawa ni viti na vilikuwa vimechoka kukaliwa.

Aibu moja tu ilibaki, na ilimwangukia mama. Alikwenda jikoni, akafunua sufuria hii, akafunua ile, akarudi akiwa ameshika kiuno.

"Wageni wangu, mmenikuta vibaya. Nina kiporo cha wali tu."

Aliwagawia punje moja moja. Mfalme aliishika yake kwa mikono miwili kama hindi la kuchoma. Golikipa aliidaka yake. Walikula kwa adabu, na kila mmoja alibakiza kidogo, ili isionekane wamekuja na njaa. Mama aliwatazama, na ilikuwa wazi kwamba hajaridhika hata kidogo.

"Kesho asubuhi," alisema, "mtakunywa chai ya maana. Hamtatoka hapa mkasema kwa Mama Mbaruku tulipewa kiporo."

"Hatuna haraka," alisema Mfalme. "Kesho ndiyo tunaanza kuhesabu siku ya kwanza."

"Na ya tatu, jembe?" aliuliza Bibi wa Mwamvuli, akijaribu kuificha hamu yake.

"Ya tatu, jembe," alisema mama. "Sina upendeleo."

Wageni wakapiga makofi. Mikono ya plastiki ikipiga makofi hutoa sauti ya mvua ndogo juu ya bati, na Mbaruku alicheka kwa furaha, na kicheko chake mwenyewe ndicho kilichomwamsha.

Ilikuwa asubuhi. Chumba kilinukia mafuta ya moto na iliki. Mbaruku aliinamisha kichwa uvunguni. Ndoo ilikuwa pale, mfuniko juu, kamba imefungwa vilevile mama yake alivyoifunga. Akasikiliza. Hakuna aliyepiga hodi. Akajua ilikuwa ndoto, na huzuni ikamrudia mahali palepale ilipomwachia.

Alinawa uso. Aliona ni afadhali aitoe ndoo mwenyewe kuliko kunyang'anywa, akaibeba mpaka uani, akaiweka karibu na mlango wa jikoni. Haikuwa na uzito wowote. Baba yake alikuwa pembeni anakunywa chai, macho kwenye kikombe. Mama alikuwa amekaa mbele ya jiko la mkaa, karai la mafuta linachemka, mgongo ameugeuzia nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umelala salama?"

"Salama." Akasubiri. Kisha akauliza, ili jambo liishe upesi, "Mama mdogo anapita saa ngapi?"

"Haji."

Mbaruku alimtazama mgongoni. Mama aliepua maandazi makubwa, akayamwaga kwenye sinia. Halafu akachukua sindano yake ya kushonea mito, akaichovya ndani ya karai, akaanza kugeuza kitu kwa uangalifu, kimoja, kingine, kingine. Alipomaliza aliviopoa vyote kwa kijiko cha chai, akavichuja mafuta, akaviweka kwenye kisahani.

Mbaruku akasogea. Yalikuwa maandazi. Yalikuwa ya pembe tatu, yameumuka vizuri, yameiva pande zote mbili, na hakuna lililozidi punje ya harage.

"Mama," alisema. "Haya ni ya nani?"

Mama akafuta sindano kwenye upindo wa kanga, akaichomeka mahali pake. Akavuta kigoda, akakiweka karibu na ndoo.

"Kawaite, chai inapoa," alisema. "Anza na yule mzee."